Ukitaka Kuruka kutoka Voi

Intaneti imejaa vikokotoo vya kukupa umbali na muda wa ndege kati ya mji wowote na mwingine, iwe ndege ipo au haipo. Andika Voi, andika London: kilomita kama 7,000, saa tisa hivi. Mgeni hufunga begi. Ndege ndogo hutua kwenye kiwanja cha Ikanga, hapo Voi, ni kweli, lakini ya London utaisubiri hapo mpaka ndevu ziote mvi.

Safari yenyewe huanzia barabarani. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko zaidi ya kilomita 300, na kikokotoo hakijawahi kufika pale njiani panapoitwa Salama kikakuta lori linajaribu kulipita lori lenzake mlimani, yote mawili yakitambaa, nyuma mabasi yanapiga honi. Wajanja watakushauri uteremke Mombasa, kilomita 150 na kitu, upande ndege ya Nairobi, haimalizi saa nzima. Shauri zuri. Omba dirisha la kushoto: kukiwa hakuna mawingu utaiona milima ya Taita, yaani umelipa nauli ya ndege ili uchungulie ulikotoka ukiwa juu. Treni ya Madaraka ipo tangu 2017. Wewe uliza tu kama unayoikatia tiketi inasimama Voi.

Lakini hiyo ya London ni rahisi. Mtihani ni kufika Wundanyi, juu kwenye milima hiyo ya Taita.

Kikokotoo kitakuambia kilomita 22, ambazo ndege kubwa ingezimaliza kwa dakika mbili. Barabara, kupitia Mwatate, ni kama 40, na zile za mwisho ni kona tupu. Kabla ya kona kuna steji. Makanga atakuita, "Bado mmoja, twende!" Usimbishie, kiti ni kimoja kweli. Ukishakaa, yule kijana aliyekuwa amesinzia kando ya dirisha ataamka, ashuke, ajinyooshe, akaanze kusaidia kuita watu. Mwenzake wa nyuma atamfuata. Sasa bado watatu. Juu ya gari wanafunga mabati, na mwenye mabati hajaridhika na kamba.

Chunguza wenyeji wameshika nini. Voi jua linachoma, mtu anajipepea na gazeti, ilhali mapajani ana sweta. Si kichaa. Wundanyi iko juu ya mita 1,300, na jioni utamwangalia kwa wivu. Kwenye kona usisome simu, na mtoto wa jirani akinyamaza ghafla, sogeza viatu vyako.

Mwenyeji wako atapiga simu kuuliza umefika wapi. Jibu linalokubalika ni "nimekaribia", hata kama gari bado liko Voi, injini imezimwa, na dereva ameenda kunywa chai.