Mahekalu Manne na Shangazi Mmoja

Ziara ya peke yenu inauzwa kwa maneno matamu. Hakuna kusubiriana na basi la wageni arobaini, hakuna kuburuzwa. Mkitaka kukaa mtakaa, mkichoka mtaondoka. Aliyeyaandika maneno hayo hajawahi kutoka na shangazi yangu.

Shangazi anauza nguo Kariakoo, na nguo zake nyingi huzifuata Bangkok mwenyewe. Safari hii alinichukua nimbebee mizigo. Kwa miaka yote aliyokwenda na kurudi, Bangkok aliyoijua ilikuwa soko la jumla la Bo Bae, vichochoro vya Pratunam, ofisi ya wakala wa kusafirisha mizigo na msikiti wa kuswali Ijumaa. Mahekalu aliyaona kwa dirisha la teksi tu. Basi mzigo ulipochelewa kufungwa, tukawa na siku nzima bila kazi, nikamshawishi tukodi gari na mtu wa kututembeza.

"Naenda kuangalia," akanionya. "Siendi kuabudu. Na hiyo bei ni ya watu wangapi?"

Bei ilikuwa ya gari, si ya kichwa. Kusikia hivyo, Shangazi akataka tumpitie binti wa mapokezi na Mnigeria wa chumba cha jirani, kwa kuwa gari lilikuwa na viti saba vya abiria na vyote tumevilipia. Nikamweleza kwamba raha ya ziara ya peke yenu ndiyo hiyo, hamchanganywi na watu. Akaniuliza ni nani aliyewahi kuona raha katika viti vitano vitupu.

Kijana wa kututembeza alikuja kwa wakati, shati limepigwa pasi, tabasamu limepangwa. Tatizo lake lilikuwa moja: hotuba zake zote alizikariri kwa ajili ya kundi kubwa. Ndani ya gari, uso kwa uso na sisi wawili, alitamka "mabibi na mabwana", akaomba walio nyuma watulie. Nyuma nilikuwa mimi. Nikatulia.

Hekalu la kwanza lilikuwa Wat Traimit, pembeni ya mtaa wa Wachina. Humo amekaa Budha wa dhahabu mwenye urefu wa mita 3 na uzito wa tani 5 na nusu. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwamba ni dhahabu, kwa sababu alikuwa amefunikwa kwa plasta mwili mzima. Mwaka 1955, alipokuwa akihamishwa, kamba zikakatika, akaanguka, plasta ikapasuka, na ndani kukaonekana kitu kinang'aa. Kijana akatueleza kwamba wengi wanaamini plasta ile ilipakwa kumficha, katika zama ambazo majeshi ya Burma yaliuteka na kuuteketeza mji wa Ayutthaya, mwaka 1767.

Mimi nilikuwa natazama uso wa sanamu, ule utulivu. Shangazi alikuwa anapiga hesabu.

"Tani tano na nusu za dhahabu," alinong'ona, "zimepita machoni pa watu wote kwa jina la plasta." Akatikisa kichwa kwa heshima ambayo sijawahi kumwona akimpa mtu yeyote wa forodha. "Waliomfungasha huyu walikuwa wafanyabiashara."

Tukaenda Kasri Kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1782 kwa amri ya mfalme Rama wa Kwanza, na ndani ya uzio wake lipo hekalu la Wat Phra Kaew. Hapo getini umati ulikuwa mkubwa mno, na kijana akatoa kibendera cha rangi ya chungwa, akakiinua juu, akageuka kutuhesabu: mmoja, wawili. Akaridhika. Tulipofika kwa askari, Shangazi, aliyekuwa ndani ya baibui lake, alipita bila kuulizwa. Mimi askari akaninyooshea kidole gotini.

Nilivaa jinzi ya kuchanika. Si kwamba ilikuwa mbovu. Iliuzwa hivyo, tena kwa bei kubwa kuliko nzima. Lakini pale hapaingiwi na kaptura, wala nguo isiyo na mikono, wala suruali yenye matundu, hata kama matundu yenyewe yalifanywa kiwandani. Shangazi alikuwa ameipiga vita jinzi hiyo tangu Dar es Salaam. Sasa alisimama ng'ambo ya geti, mikono kiunoni, ameshinda kesi katika mahakama ya rufani.

"Mimi ukinisikia unaniona mshamba," alisema. "Haya, bishana na kasri."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na wauzaji wa suruali pana za picha za tembo. Wageni wote waliokataliwa getini huishia humo, na ukitazama ua wa kasri unaweza kudhani ni sare ya shule. Bei ilikuwa baht 200. Nikaingiza mkono mfukoni, na hapo ndipo Shangazi alipotoka tena getini mbio, akanishika mkono. Suruali hizo hizo, tembo hao hao, alikuwa nazo zimejaa katika mzigo wake uliokuwa ukingoja kufungwa, na alizipata kwa bei ambayo hakutaka hata kuitamka mbele ya rejareja. Yeye, mtu wa jumla, mtoto wa kaka yake anunue moja moja barabarani? Afadhali turudi hotelini tukachomoe moja mzigoni.

Kijana akatazama saa yake. Foleni ya Bangkok huijui mpaka uikalie.

Kilichofuata kilifanyika bila lugha. Mama muuzaji aliandika namba kwenye kikokotoo, akamsogezea Shangazi. Shangazi akaifuta, akaandika yake, akakirudisha. Mama akacheka kwa uchungu, akafuta. Kikokotoo kikaenda na kurudi, kila mmoja akimwonyesha mwenzake namba huku akijishika moyo. Hatimaye bei ikashuka mpaka ya jumla kabisa, kwa sharti la jumla: dazeni nzima. Nikavaa moja nyuma ya pazia. Kumi na moja zikatiwa kwenye mfuko wa rambo, ile mifuko ambayo kwetu ilipigwa marufuku mwaka 2019, na mfuko huo ukawa wangu kwa siku iliyobaki.

Kuingia alipo Budha wa Zumaridi unavua viatu na kuviacha nje. Yeyote aliyewahi kuswali Ijumaa mjini anaijua hofu hiyo: unaacha makubadhi mapya, unakuta ndala mbili zote za kushoto. Shangazi akakataa katakata. Akavitia vyake na vyangu mle mle kwenye rambo, juu ya suruali.

Budha mwenyewe ni mdogo kuliko sifa zake, sentimita 66 hivi, ameketi juu sana kwenye kiti cha dhahabu, na ndani hairuhusiwi kupiga picha. Ana nguo za dhahabu za majira matatu, joto, mvua na baridi, na anayembadilisha ni mfalme. "Nani anamshonea?" Shangazi akauliza, na hotuba ya kijana haikuwa na jibu. Akaendelea na historia: inasimuliwa kwamba mwaka 1434, huko Chiang Rai, radi ilipiga mnara wa hekalu, ikatoka sanamu ya plasta, plasta ikabanduka puani, na ndani kukaonekana kijani.

"Plasta tena," Shangazi akasema. Kisha akakaza macho juu. "Na ile si zumaridi."

Kijana akapigwa na butwaa, kwa kuwa ni kweli: ni jiwe la kijani linalotajwa kuwa jade, zumaridi ni jina tu. Hakujua kwamba mume wa kwanza wa Shangazi alikuwa dalali wa madini Arusha, na kwamba wakati wanaachana, katika vitu alivyoondoka navyo mama huyu, jicho lilikuwamo.

Laiti angejua, asingetupeleka tulikopelekwa baada ya chakula cha mchana.

Alisema ni dakika kumi na tano tu, kuna vyoo visafi na soda baridi. Vyoo vilikuwepo, na soda ililetwa kwenye sinia. Lakini kati ya choo na mlango wa kutokea kulikuwa na duka la vito refu kiasi kwamba hukuweza kupita bila kuhutubiwa. Muuzaji, kijana wa suti, aliambiwa kwamba tunatoka Afrika, akafurahi, akatandika kitambaa cheusi na kuweka juu yake jiwe la buluu.

Akaanza kutusimulia. Jiwe hili ni adimu duniani. Linapatikana mahali pamoja tu, karibu na mlima Kilimanjaro. Hapo zamani mchungaji wa Kimasai aliona mawe ya kahawia yamelala nyikani. Ikapiga radi, nyasi zikaungua, na mawe yakageuka buluu.

"Radi tena," Shangazi akaniambia kwa Kiswahili, bila kugeuza uso. "Ya asubuhi imefukua Budha, ya mchana imepika tanzanaiti. Kwetu Pangani inapiga minazi tu."

Nilitaka kumwambia yule kijana anyamaze, kwa faida yake. Shangazi alinikanyaga mguu. Akaomba koleo dogo na lenzi. Akalishika jiwe kama anayekagua punje ya mchele wa kulipia deni, akaligeuza chini ya taa polepole, upande huu buluu, upande huu zambarau. Kisha akaanza kuuliza, kwa Kiingereza chake cha sokoni, nami nikijazia palipopungua. Limechomwa kwenye tanuri au bado? Maana karibu tanzanaiti zote hutoka ardhini na ukahawia, na buluu hiyo ni ya moto wa tanuri, haina haja ya radi. Limetoka Mererani kitalu gani, B au D? Na lilitoka kabla ya ukuta au baada ya ukuta?

Muuzaji hakuwa na habari ya ukuta. Shangazi akamsomesha: mwaka 2018 serikali yetu ilikamilisha ukuta wa kilomita 24 na ushee kuyazunguka machimbo, umejengwa na wanajeshi, ili mawe yasitoroshwe. Alimaliza soda yake akingoja jibu.

Aliitwa bosi. Bosi alikuja na kadi ya biashara, akampa Shangazi kwa mikono miwili, akauliza kama anaweza kumletea mawe kutoka Arusha. Tuliingia tukiwa wanunuzi, tukakaribia kutoka tukiwa na oda. Shangazi alimshukuru, akasema yeye yuko kwenye suruali.

Garini palikuwa kimya. Mabibi na mabwana hawakutajwa. Shangazi akamgusa kijana begani na kumuuliza, kwa huruma ya mtu wa fani moja, pale dukani huwa anapata cha juu asilimia ngapi. Alijifanya hakusikia. Akaulizwa tena. Akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi lile tabasamu halikuwa la kupangwa.

Wat Pho tulipita haraka, muda ulikuwa umeliwa na suruali na tanzanaiti. Budha aliyelala pale ana urefu wa mita 46, huwezi kumwona wote kwa mara moja. Unamsoma kwa vipande kati ya nguzo, mpaka ufike kwenye nyayo zilizonakshiwa kwa maganda ya chaza. Ukutani kuna bakuli 108 za shaba, na watu hununua sarafu ndogo ndogo wakatumbukiza moja moja, ling, ling, ling, mlio wa kupendeza sana. Shangazi alisimama akikokotoa: sarafu inauzwa, inatumbukizwa, jioni inakusanywa, kesho inauzwa. Mtaji hauondoki. Nikaomba angalau nikandwe miguu, maana hekalu hilo ndilo lenye shule mashuhuri ya ukandaji wa Kithai. Nikaambiwa wanaowahi kivuko hawakandwi.

Wat Arun liko ng'ambo ya mto Chao Phraya, na mnara wake umepambwa kwa vipande vya vyombo vya Kichina, maelfu kwa maelfu, vimepangwa vikawa maua. Hapa Shangazi aliacha hesabu. Alikigusa kimoja kwa kidole na kusema Kunduchi vipo, na kweli vipo, sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya wazee wetu wa pwani. Vyombo vya nchi moja, vikafika huku na kule. Alikaa chini kivulini akaniambia nipande mimi, yeye magoti yake yameona ya kutosha.

Ngazi za Wat Arun ni kali, unapanda uso ukiwa karibu na magoti yako. Nilipanda na rambo, kwa kuwa mbebaji wa siku hiyo nilikuwa mimi. Katikati ya ngazi rambo likapasuka.  Suruali zikatoka moja moja, upepo wa mtoni ukazifungua, na tembo wakashuka mnara mzima wakipepea.

Niliposhuka kwa matako, ngazi baada ya ngazi, nilitegemea kumkuta Shangazi amefura. Nilimkuta amezungukwa. Wasichana wawili wa kizungu waliovaa kaptura na kuzuiwa getini walikuwa wameokota suruali zilizopeperushwa mpaka hapo na kuuliza ni za nani. Nyuma yao baba mmoja na wanawe. Shangazi alikuwa tayari nje ya geti, anakunja, anapima kiunoni kwa macho, anaandika bei kwenye simu yake. Bei ya rejareja. Kijana wetu alikuwa pembeni anamshikia chenji.

Zilibaki mbili. Shangazi alihesabu noti, akazikunja, akaniambia vile viti vitano vitupu vimeshajilipa.

Njiani kurudi Shangazi na kijana hawakunihitaji tena. Walizungumza wao wawili, namba tupu, na kufika hotelini bahashishi ilikuwa imejadiliwa, imepunguzwa kwa muda wa duka la vito, ikaongezwa kwa kushika chenji. Kesho yake alfajiri tulimkuta kijana sokoni Bo Bae anatungoja, tayari kumwombea Shangazi bei kwa Kithai, kwa cha juu cha asilimia waliyopatana. Alikuwa ameinua kibendera chake cha chungwa juu ya vichwa vya watu ili tusipotee.

"Kishushe hicho," Shangazi akamwambia. "Wakikiona, bei inapanda."