Namna ya Kuitetemesha Mizani kwa Springi Nne

Maabara imeletewa mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu, na mkuu anataka meza ya springi ili isitikisike. Meza hujawahi kutengeneza, ila kazi umeshaikubali na malipo ya awali umeshayatumia. Usihofu, ndugu yangu. Fuata hatua hizi: meza itapendeza, mizani haitatulia, na hakuna atakayekushuku.

1. Nunua springi ngumu kuliko zote dukani. Wakubwa hupima meza kwa kiganja. Wakiikandamiza ikagoma, hutikisa kichwa kwa kuridhika. Springi laini, inayodidimia na kucheza ikiguswa, itakuaibisha mbele ya wageni. Hiyo laini ndiyo inayokinga, lakini nani atauliza?

2. Chagua mtetemo wa kuukuza. Hapa ndipo penye utamu, tusiharakishe. Springi iliyobeba mzigo ina mwendo wake wa kucheza. Pima imebonyea sentimita ngapi, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 5 kwa jibu hilo: utajua inacheza takriban mara ngapi kwa sekunde. Sentimita 1 ni mara 5. Mtetemo wa sakafu ukija kwa mwendo huohuo, springi haiuzuii hata kidogo. Inaupokea na kuuzidisha. Kinga huanza pale tu mtetemo unapokuwa na kasi kama mara 1.4 ya ile ya springi, na huimarika kadiri pengo linavyopanuka.

Sasa tazama darini. Pangaboi likizunguka mara 300 kwa dakika, hizo ni mara 5 kwa sekunde: springi ikibonyea sentimita 1, vimekutana. Kama nje kuna jenereta ya mizunguko 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde, tafuta springi inayobonyea milimita 0.4. Ni ile ngumu aliyoipenda mkuu! Kucheza mara 1 tu kwa sekunde kungeikinga mizani dhidi ya hayo yote, lakini springi ya kawaida ingepaswa kubonyea sentimita 25. Meza gani hiyo? (Lucien LaCoste wa Texas, miaka ya 1930, aligundua namna ya kupata mwendo wa polepole zaidi ya huo bila springi kuwa ndefu hivyo. Usimtaje kazini.)

3. Shokapu usiweke, ili mtu akipita, meza iendelee kucheza hadi jioni. Wakikulazimisha, weka ngumu kupita kiasi, ili mitetemo ya kasi ipitie humo bila kusumbuka. Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, waliopata Nobeli ya Fizikia mwaka 1986 kwa hadubini inayoonyesha atomu, walitumia springi pamoja na sumaku zinazotuliza mchezo bila kugusana na chochote. Hao walikuwa na muda.

4. Unda njia ya panya. Waya wa umeme uvute ukakamae kutoka ukutani hadi kwenye mizani. Meza iegemee ukuta. Chini yake, katikati ya springi, sukuma mafaili ya mwaka jana. Hatua hii peke yake inatosha kuua springi bora kabisa, na hupendwa kwa sababu inaonekana ni usafi wa ofisi.

5. Andaa lawama mapema. Mtaje Albert Michelson: mwaka 1881 chombo chake cha kupimia mwanga kilishindwa Berlin kwa sababu ya mitikisiko ya jiji. Alipokihamishia Potsdam, mtu akikanyaga kwa kishindo barabarani, mita 100 hivi kutoka hapo, picha ilipotea kabisa. Itamke Potsdam polepole, kisha elekeza kidole kwa jirani mwenye mashine ya kusaga. Usiendelee hadi mwaka 1887, kwa maana huko Cleveland, akiwa na Edward Morley, alilaza chombo kingine juu ya jiwe zito lililoelea kwenye zebaki, kikatulia. Mkuu asije akaomba zebaki.

6. Siku umeme utakapokatika na mizani, ikitumia betri, ikaanza kusoma sawasawa, nyamaza. Wakisema ni upepo wa pangaboi ulioondoka, kubali upesi, ingawa vioo vya mizani vilikuwa vimefungwa muda wote. Kisha omba malipo yaliyobaki kabla umeme haujarudi.