Salah Amefunga?

Jumamosi ya tarehe 26 Mei 2018 nyumba yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, iliamka na mambo mawili, Ramadhani na fainali. Kumi la kwanza la mwezi mtukufu lilikuwa linaelekea ukingoni. Fainali ilikuwa ya Klabu Bingwa Ulaya, Liverpool na Real Madrid, mjini Kyiv, saa tatu na dakika arobaini na tano usiku kwa saa zao na kwa saa zetu pia, maana msimu ule saa za Ukraine na za Afrika Mashariki zinakuwa sawa. Baba watoto alishalipia king'amuzi tangu Alhamisi. Alikwisha piga hesabu kwamba tarawehe ikimalizika atatembea kutoka msikitini, afike, anywe maji, akae.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka tisa. Alikuwa na jezi nyekundu namba 11 tuliyomnunulia Soko la Mgandini, na usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amelala nayo. Ijumaa alipandwa na homa, tukampeleka zahanati, akapimwa, akakutwa na malaria. Akapewa dawa ya mseto, na mhudumu akasisitiza ameze baada ya kula. Suala la saumu likaishia pale. Mtoto mwenyewe hajabaleghe, na juu ya hapo mgonjwa.

Lazima nieleze nyumba yetu ilikuwaje kuhusu Mohamed Salah, la sivyo kilichotokea hakitaeleweka.

Msimu ule wa 2017/18 kijana huyu wa kijiji cha Nagrig, Misri, alikuwa amefunga mabao 32 kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, rekodi ya wakati ule kwa msimu wa mechi 38, na 44 ukijumlisha mashindano yote. Kila bao alikuwa akinyanyua mikono, kisha anasujudu. Mashabiki wa Liverpool, wengi wao hawajawahi kuingia msikitini, walimtungia wimbo kwamba akiendelea hivyo na wao watasilimu. Mama mkwe wangu, ambaye hadi leo hajui kuotea ni nini, alikuwa akiitwa sebuleni kwa ajili ya marudio tu. "Niiteni akisujudu," anasema, na anakuja na tasbihi yake mkononi.

Baba watoto alimwita balozi wetu. Alisema wahadhiri wamezunguka Ulaya miaka mingi, lakini Mzungu wa kawaida pale Liverpool kaujua Uislamu kwa mguu wa kushoto wa Salah.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, fundi seremala na mtu wa swala tano, hakukubaliana naye hata kidogo. Naomba nimtendee haki, maana hakuwa mtu wa husuda. Hofu yake ilikuwa riya. Ibada, alisema, ina siri yake kati ya mja na Mola wake, na sijida inayosubiriwa na kamera kumi na tano inamweka mja mahali pa hatari. Aliongeza kwamba watoto wetu wanajifunza dini kwa mtu ambaye kesho akiteleza watateleza naye.

Na upande wa pili wa ukuta alikuwepo jirani yetu, Mkristo, mama wa watoto watatu, ambaye mumewe ni shabiki wa AC Milan wa siku nyingi. Yeye alitukumbusha mara kwa mara kwamba Kaká, mwaka 2007 pale Athens, baada ya kuchukua kombe hili hili, alibaki na fulana yenye maneno ya kumtangaza Yesu. "Siku ile mlisema anachanganya dini na mpira," alisema. "Leo mnaniita nije kuangalia sijida." Hakuna aliyekuwa na jibu zuri, na hatukugombana, kwa kuwa ni jirani wa sahani kwenda na sahani kurudi.

Basi asubuhi ile nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi ya mihogo, mtoto kaja kasimama mlangoni pa jiko, macho mekundu kwa homa.

"Mama, Salah amefunga?"

Mimi kichwani nilikuwa na mabao. Usiku uliopita yeye na baba yake walikuwa wanayahesabu mpaka wakafika arobaini na nne, na mimi nilidhani ni hesabu ile ile inaendelea. Nikamjibu bila kuinua uso: "Amefunga mwanangu, amefunga sana. Na leo atafunga."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi chumbani. Nikampelekea chai, chapati na dawa. Akasema, "Weka hapo mama, nitakula." Nikaweka, nikarudi kwenye nazi yangu.

Neno letu hili lina njia mbili. Mimi nilishika moja, mwanangu akashika nyingine.

Mchana kutwa alilala. Nilipita mara tatu, nikamkuta kajifunika shuka, nikadhani dawa inafanya kazi. Saa kumi na moja na nusu jikoni kumepamba moto. Mihogo ya nazi imeiva, kaimati zinageuzwa, uji wa pilipili manga uko kwenye birika unapoa, na mama mkwe kaketi sebuleni na sahani yake ya tende. Shemeji akaingia na habari mpya.

"Mmesikia? Salah wenu hakufunga. Mtaalamu wa viungo wa Liverpool kasema redioni. Jana hakufunga, leo hafungi, kwa sababu ya mpira."

Baba watoto akasimama. Alimweleza kwamba Kyiv mwezi wa tano jua linatua karibu saa tatu usiku, na mtu anayefunga kule anakaa saa kumi na saba na zaidi, si hizi kumi na tatu zetu. Na tena ni msafiri, na msafiri ana rukhsa ndani ya Kitabu, atalipa siku nyingine. Shemeji akamjibu kwamba rukhsa haikuwekwa kwa ajili ya kombe. Sauti zikapanda. Nilikuwa jikoni na nilisikia kila neno, na nikanyamaza nikijua yatapita.

Sikujua kwamba mtoto naye anasikia. Alikuwa ameamka akitaka kumsaidia bibi yake, akachukua birika la uji jikoni nilipogeuka kuangalia mafuta, akalipeleka sebuleni. Alifika mlangoni wakati baba yake mdogo anarudia: "Hakufunga! Si jana, si leo!"

Nilisikia kishindo. Nilipofika, mwanangu alikuwa chini, na uji umemwagika juu ya meza ya televisheni, unashuka taratibu kwenye matundu ya king'amuzi. Kikalia kama bisi moja, taa yake ya kijani ikazimika, na harufu ya waya ulioungua ikachanganyika na ya pilipili manga. Namshukuru Mungu uji ulikuwa umekwisha poa. Ngozi yake haikuguswa.

Alikuwa amezimia kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi labda. Midomo imekauka, imepasuka katikati. Nikaagiza maji. Na hapo ndipo shemeji, Mungu amsamehe, kwa mazoea tu ya ulimi akasema: "Zimebaki dakika ishirini."

Mama mkwe hakuinuka kwenye mkeka. "Mwanangu," alimwambia, "mwaka jana Ramadhani ulikwenda Arusha kwa basi. Ulikula wapi?"

Shemeji akatazama chini. "Mombo, mama."

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Ulikuwa unakwenda kufanya nini?"

"Kununua mbao."

"Mpe mtoto maji."

Akamnywesha yeye mwenyewe. Namwona mpaka leo, mikono ya seremala yenye vumbi la msumeno kwenye kucha, imeshika kikombe cha plastiki, kinatetemeka, na mwanangu anakunywa huku machozi yanamdondokea mle mle ndani ya maji. Alipopata sauti aliniangalia mimi. "Mama, uliniambia amefunga."

Nilikwenda chumbani. Chini ya kitanda nilikuta kikombe cha chai kimefanya utando juu, chapati imepandwa na sisimizi, na kando yake vidonge vitatu vya njano vimepangwa kwenye karatasi, hakuna kilichoguswa. Mtoto mwenye malaria alikuwa amefunga kutwa, bila dawa, kwa sababu Salah amefunga. Niliketi sakafuni nikalia. Watu wazima wanne katika nyumba tulikuwa tumeshindana wiki nzima juu ya imani ya mtu aliye Liverpool, na hakuna aliyechungulia chini ya kitanda.

Akafuturu, akameza dawa, jasho likamtoka. Nilimweleza mambo yalivyo. Salah kachukua rukhsa ya safari, wewe una rukhsa ya ugonjwa, na aliyewapa nyote ni mmoja. Aliuliza, "Kwa hiyo hajafanya vibaya?" Nikamwambia hilo ni kati yake na Mola wake, na sikumwambia zaidi kwa sababu sikuwa na zaidi.

Mechi tuliangalia kwa jirani. Waliporudi kutoka tarawehe, baba yake akambeba kwa shuka, jirani akatandika mkeka, akaleta maandazi. Shemeji naye alikuja, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Dakika ya thelathini ilikuwa haijafika, Sergio Ramos na Salah wakaanguka pamoja, mkono wa Salah umebanwa, bega likaumia. Alijaribu kuendelea, akashindwa. Alipotoka analia, mwanangu alificha uso kwenye khanga yangu. Nilimtazama shemeji. Nilijua neno analoweza kusema. Hakulisema. Alisogea mbele, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto, akakiacha hapo mpaka mapumziko.

Madrid walishinda 3-1. Kesho yake mtaani neno lile tulilisikia kwa wengine, kwamba ni malipo ya saumu. Mhubiri mmoja wa Kuwait aliyasema hadharani maneno ya namna hiyo, na yalifika mpaka vibarazani Ngamiani. Baba watoto aliwauliza waliosema: mbona Ramadhani ile ile watu wamefunga na wameumia, wamefiwa, wamefilisika? Nami nasema wazi: kumwona mtu kaanguka ukajifanya unajua Mungu kamwadhibu kwa lipi ni ujeuri mkubwa kuliko kula mchana.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Juni 2019, fainali ikarudi ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Salah akafunga penalti mapema, dakika ya pili, Origi akamalizia, Tottenham wakalala 2-0. Usiku ule nyumba yetu iliswali kwanza.

Mambo hayakuisha hapo. Salah huweka picha ya familia yake mbele ya mti wa Krismasi, na ya Desemba 2022 ilimletea matusi kutoka kwa Waislamu wengi duniani. Kwetu pande ziligeuka. Baba watoto, mtetezi mkuu, alikasirika kama mtu aliyesalitiwa. Jirani yetu alifurahi, akasema huyu ndiye mtu wa kuishi naye. Shemeji, niliyemtarajia awashe moto, alisema tu, "Mimi sikumfanya imamu tangu mwanzo, kwa hiyo sina cha kumvua." Oktoba 2023, vita vya Gaza vilipoanza, walimlaumu kwamba amechelewa kusema, aliposema, wakalaumu alivyosema.

Binti yangu mkubwa, aliyekuwa chuoni, alituletea jambo ambalo mimi nimelishika. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha mwaka 2021 uchunguzi wao kuhusu Salah. Waliona kwamba baada ya yeye kwenda Liverpool, uhalifu wa chuki eneo la Merseyside ulishuka kwa asilimia 16 ukilinganisha na ulivyotarajiwa bila yeye, na mashabiki wa klabu ile walipunguza kwa karibu nusu maneno ya kuwachukia Waislamu mtandaoni. Shemeji alimwomba alirudie mara mbili. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kuna mama wa Kiislamu kule anatembea barabarani bila kutukanwa, kwa sababu ya huyu?" Binti akamwambia pengine wapo. Akanyamaza muda mrefu. Hajawahi kuipenda sijida ya kiwanjani mpaka leo, na simlazimishi, lakini tangu siku ile hajamsema vibaya mbele ya watoto.

King'amuzi kipya alinunua yeye, bila kuombwa, wiki ile ile ya uji, na akatengeneza kwa mikono yake rafu ya mninga, ndefu kwenda juu, ambayo birika haliwezi kuifikia. Mwanangu alipona. Jezi ya namba 11 imembana mabegani, sasa anaivaa mdogo wake, ambaye naye ameanza kuuliza maswali.

Ninyi wenzangu wenye watoto wadogo, nawaomba hili moja. Ramadhani ikija, na mtoto akasimama mlangoni pa jiko akuulize kama fulani amefunga, shuka kwenye mbuzi, weka nazi chini, umgeukie, umguse paji la uso, ndipo umjibu.