Futi Kamba Ikifika kwa Jirani

Kwenye viwanja vipya vya pembezoni mwa Dar es Salaam, watu wengi humjua jirani yao siku msingi wa ukuta unapochimbwa. Kabla ya hapo kila mmoja ana risiti, karatasi na kichaka chake. Kichaka hakigombanishi mtu: maboga ya huyu yakitambaa hadi kwa yule, pande zote zinachuma majani na kusalimiana. Kisha lori linamwaga mchanga, fundi anakaza kamba, na mzee mstaafu aliyekuja kumwagilia miche yake anaweka ndoo chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo kamba umeanzia wapi, fundi?"

Fundi hana jibu, maana fundi huanzia pale alipoonyeshwa na bosi, na bosi, kijana mwenye kiwanja, yuko kazini Posta. Anapigiwa simu. Anasema kamba imeanzia kwenye bikoni. Mzee anauliza bikoni ipi. Hapo mgogoro umeshazaliwa, na hata tofali moja halijalazwa.

Viwanja vya kupimwa si kitu kigeni jijini, lakini wimbi kubwa lilikuja na Mradi wa Viwanja 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vikapimwa viwanja Bunju, Mbweni na Mivumoni upande wa kaskazini, Kibada na Gezaulole ng'ambo ya Kigamboni, hadi Tuangoma, Mwanagati na Buyuni. Wengi waliohamia huko walitoka mitaa ambayo mpaka wa nyumba ulikuwa mnazi, karo, au pembe ya jiko la jirani, na mashahidi wa mpaka huo walikuwa hai, wamekaa barazani wanacheza bao. Ukitaka kujua kiwanja kinaishia wapi, unamwuliza bibi. Bibi akifariki, unamwuliza mdogo wake. Kwenye viwanja vipya hakuna bibi. Kuna bikoni.

Bikoni ni kipande cha chuma kilichosimamishwa ndani ya zege, chenye namba yake, na mahali pake pamewekwa kwenye ramani ya upimaji. Kwa mpima ardhi ni kitu cha heshima. Kwa wengine ni jiwe la kunolea panga, mahali pa kufungia mbuzi, au kikwazo ambacho dereva wa lori la kokoto alikigundua kwa tairi la nyuma. Kisheria, kung'oa au kuhamisha alama hiyo ni kosa, lakini greda linapokuja kuchonga barabara ya mtaa halisomi sheria. Ndiyo maana siku ya kamba, mwenye kiwanja akizitafuta bikoni zake nne, hupata mbili, na moja kati ya hizo ni ya kiwanja cha nyuma.

Anayesikia watu wazima wanagombea nusu mita hucheka. Apige hesabu kwanza. Kiwanja kile kinachoitwa ishirini kwa ishirini kina mita za mraba 400. Ukuta wa upande mmoja ukihama nusu mita, mita 10 za mraba zimehama nao: chumba cha watoto, chenye kitanda cha deka na kabati. Mzee aliyenunua kiwanja kwa kiinua mgongo hawezi kutoa chumba cha wajukuu ili kamba ya kijana inyooke.

Na ukuta wenyewe si wa mchezo. Kukizunguka kiwanja hicho ni mita 80. Toa mita 4 za geti, zinabaki 76. Kwa kozi tisa, ambazo huufikisha ukuta mita mbili na ushee, yanakwenda matofali karibu 1,500, bado saruji, nondo za nguzo, maji ya boza na chai ya mafundi. Familia nyingi hujenga ukuta kabla ya sebule. Wapo wanaofungua geti la chuma lenye nakshi za dhahabu, wakapita uwanja mkubwa wa mchanga, wakaingia kwenye chumba kimoja cha mabati.

Gharama hizo ndizo zilizomzaa jirani anayesubiri. Mwenye kiwanja cha katikati ya safu ana wenzake watatu, kulia, kushoto na nyuma. Akitulia miaka kadhaa, wote watatu watajenga, naye atabakiwa na kazi ya kuziba upande wa mbele. Mtu wa namna hii hana haraka. Hupita Jumapili kuwapongeza wenzake kwa kazi nzuri, na akiulizwa kuhusu kuchangia, husema kwa upole kwamba yeye alikuwa anafikiria kupanda michongoma. Siku anapohamia na lori la vyombo, majirani watatu wamesimama getini wameshika risiti za saruji.

Mchango ukimalizika, inafuata lipu. Ukuta una nyuso mbili, na fundi amelipwa na mmoja. Upande wa aliyelipa unapigwa lipu na kupakwa rangi ya krimu. Upande wa pili unaachwa na uji wa saruji uliochuruzika na kukauka. Jirani wa upande huo, ambaye hakutoa hata senti tano, anaona ametukanwa. Akitaka kupiga lipu mwenyewe, anakumbushwa kwamba ukuta si wake. Akiacha, mkewe anauliza kwa nini wageni wanaoleta mahari waje kukaa mbele ya matofali matupu.

Masika yakiingia, ukuta unaanza kazi ambayo hakuna aliyeipanga. Maji yaliyokuwa yakipita kwenye majani kuelekea bondeni sasa yanakuta zege. Aliye juu anatoboa matundu chini ya ukuta ili kwake kusijae. Aliye chini anaamka na kukuta kandambili zake zinaelea. Anaziba matundu kwa saruji. Aliye juu anayazibua usiku. Kuna safu za nyumba ambako shughuli hii huanza na mvua za Machi, hupumzika Juni, na kusubiri vuli.

Ajabu ni kwamba mengi ya haya yaliandikiwa utaratibu kabla hata lori la mchanga halijafika. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Mwenye kiwanja anapewa haki ya kukitumia kwa muda, kama miaka 33, 66 au 99, tena kwa masharti. Masharti hayo yamo kwenye hati. Yanataja matumizi ya kiwanja, yanataka jengo la kudumu, na kwa kawaida hutoa miezi 36 ya kukamilisha ujenzi. Yanasema pia kwamba mwenye hati ndiye mlinzi wa bikoni zote zilizo kwenye ardhi yake, na zikipotea atagharimia kurudishwa kwake. Kwa hiyo kijana na mzee wanaorushiana lawama juu ya bikoni iliyotoweka, kila mmoja ana karatasi ndani inayomtaja yeye. Karatasi hiyo ilisomwa siku ya kuichukua, tena jina tu, kuhakikisha herufi ziko sawa. Kisha ilifungiwa sandukuni, au ilipelekwa benki kuwa dhamana ya mkopo wa kujengea ukuta.

Sharti linalovunjwa kwa utulivu kuliko yote ni la matumizi. Kiwanja kimeandikwa makazi. Mwaka wa kwanza linatobolewa dirisha dogo kwenye ukuta wa mbele, mama auze vocha na barafu. Dirisha linakuwa mlango. Mlango unakuwa fremu, fremu inazaa ya pili, saluni kushoto, duka la Mangi kulia, na mwisho spika. Kubadili matumizi ya ardhi kunahitaji kibali, lakini aliyeanza na barafu hakumbuki ni lini hasa alivuka kutoka makazi kuingia biashara. Na majirani waliosaini barua ya kulalamikia spika ndio hao wanaokwenda kwa Mangi saa tatu usiku kununua mkate wa asubuhi.

Kampuni zinazojenga mitaa yenye geti moja hujaribu kuyamaliza haya mapema. Kabla ya kukabidhiwa funguo, mnunuzi anasaini kurasa za masharti: bati la rangi moja, ukuta usizidi kimo fulani, hakuna kuku, hakuna jiko la nje, nguo zisianikwe mbele. Mnunuzi anasaini zote kwa furaha, maana siku ya funguo hakuna anayefikiria kuku. Kuku huja baadaye na shangazi kutoka kijijini, akiwa amefungwa miguu, zawadi ya nyumba mpya. Kumchinja siku hiyo hiyo kutamvunja moyo shangazi. Kumfuga kutavunja sharti. Wiki ya pili jogoo anawika saa kumi alfajiri, na kundi la WhatsApp la wakazi linaamka pamoja naye.

Shangazi hajui kwamba masharti ya namna hii yalianzia mbali. Mwaka 1808, Bwana Tulk aliuza bustani ya Leicester Square jijini London kwa makubaliano kwamba mnunuzi ataitunza pamoja na uzio wake wa chuma, wala hatajenga juu yake. Bustani ikapita mkono hadi mkono mpaka ikafika kwa Moxhay, aliyetaka kujenga, na hoja yake ilikuwa fupi: aliyeahidi si yeye. Mwaka 1848 Lord Cottenham, aliyeisikiliza kesi, akaamua kwamba Moxhay alinunua akiijua ahadi ile, kwa hiyo inamfunga. Kanuni hiyo ikasafiri na himaya. Kenya ilizipokea kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa Agosti 12, 1897. Tanganyika ilizipokea za Julai 22, 1920. Jogoo wa Kigamboni na mwenzake wa Kitengela, Kenya, wote wanawika chini ya kivuli cha uzio wa Leicester Square.

Waingereza wenyewe hawajapona. Waligombania ua wa miti ya leylandii hadi Bunge likaingilia, na sheria ya mwaka 2003 ikaipa halmashauri uwezo wa kuamuru upunguzwe ua wa miti isiyopukutisha majani, uliozidi mita mbili na kumtia jirani kiza. Michongoma ya Bunju bado haijajadiliwa Dodoma.

Kenya imechagua kuwapumzisha majaji kwanza. Sheria yake ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inasema mahakama isisikilize mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujabainishwa, na kazi hiyo ni ya Msajili wa Ardhi. Tanzania, safari kwa kawaida huanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi hukumu. Linasuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kutoka hapo kuna Mahakama Kuu, na juu yake Mahakama ya Rufani. Ukuta wa kozi tisa unaweza kuzipanda ngazi zote hizo. Na siku zinahesabika: muda wa kudai ardhi mahakamani, Kenya na Tanzania, ni miaka 12. Aliyeona ukuta umemwingilia mwaka 2010 akasema "tutaongea tu, sisi ni majirani," alitakiwa awe ameongea kufikia 2022.

Usuluhishi wa kata hufanyika zaidi kwa miguu. Wajumbe wanakuja kuona eneo. Upande mmoja wanakaribishwa soda, upande wa pili wanakaribishwa soda na karanga. Wanautazama ukuta, wanautazama mpapai unaodaiwa kuwa ndio mpaka, wanauliza mpapai una umri gani, na kila upande unatoa umri wake. Kisha wanafikia jambo ambalo lingefanyika siku ya kwanza: aitwe mpima.

Mpima anaanzia mbali, kwenye bikoni iliyosalimika karibu na barabara kubwa. Anasimamisha kifaa chake, anasoma, anaandika, anasogea, anarudia. Watoto wa mtaa wanamfuata. Mara nyingine anachokuta si kile kilichoombwa na upande wowote. Kijana hajaingia kwa mzee, wala mzee kwa kijana. Safu nzima imehama. Aliyejenga kwanza alipima kuanzia nguzo ya umeme, wa pili akapima kutoka kwenye ukuta wa kwanza, wa tatu kutoka kwa wa pili, hadi mwisho. Kila mmoja ana mita zake ishirini kamili, isipokuwa baadhi si zake.

Kunyoosha mambo kunataka kuta zote zivunjwe. Jioni hiyo, watu waliokuwa hawasalimiani wanajikuta wamekaa benchi moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Kijana anamwachia mzee nafasi pembeni ya ukuta, aegemee. Inaandikwa karatasi kwamba kila mtu abaki alipo, inasainiwa, inagongwa muhuri. Ramani ya upimaji haibadiliki kwa muhuri huo, na wote wanaambiwa hivyo, na wote wanatikisa kichwa kukubali, kisha wanaulizana fundi gani anapiga lipu kwa bei nzuri.

Anayekataa kusaini ni mmoja, mwenye kiwanja cha kona, ambaye muda wote alikuwa akipita jioni kuwapatanisha wenzake na kuwahimiza wasome hati zao. Mita moja na nusu iliyosukumwa na safu nzima imeishia kwake, na ukuta wake umeingia kwenye hifadhi ya barabara. Halmashauri ikipita inamchorea X nyekundu, tena upande uliopigwa lipu.