Sweta la Mabukwe

Ndugu yangu uliyeoa mfumaji, sogea tuliwazane.

Sisi wa Kigali theluji hatuijui. Baridi yetu huja na mvua za umuhindo, Septemba hadi Desemba, na mji wenyewe umekaa juu ya mita 1,500. Mvua ikiyapiga mabati ya Nyamirambo usiku kucha, asubuhi hata chai ya jana unaifurahia. Mimi mvua ya kwanza huniletea mafua. Mke wangu, Mama Zuhura, humletea sindano za kufumia.

Mwaka huu ameanza kazi nne kwa mpigo: vitambaa vya makochi, kofia ya Kitindamimba, soksi zangu (moja ipo, ya pili nimeahidiwa tangu umuhindo uliopita) na sweta la Mabukwe. Mabukwe ndiye mama mkwe, yuko Musanze, jirani na volkano, ambako baridi haina mzaha. Naye ni bingwa wa kusuka vikapu vya agaseke. Kosa la msuko hulinusa kabla hajavaa miwani.

Kazi zimefika wapi? Zinaendelea, kama foleni. Uzi hununuliwa sokoni Kimironko kidogokidogo, hela ikipatikana, na kiwandani rangi hutiwa kwa mafungu. Nyekundu ya leo si ndugu wa nyekundu ya mwezi jana. Basi sweta lina kifua cha nyanya na mikono ya maharage. Mwenyewe anaita mtindo. Nani mimi nibishe?

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Nadhani mtaani kwetu ni mimi peke yangu ninayeusubiri kama Idi: saa mbili hadi saa tano, jembe na mtaro tu, hakuna wa kuniambia, “Baba Zuhura, hebu shika hapa.” Siku ilipofika, nikachomoa jembe nyuma ya kochi, nikatoka mbio. Njiani majirani wakanichekea kwa meno yote. Nikajua bidii yangu imewagusa.

Mzee mmoja akauliza, “Bwana, hicho chekundu kinachokufuata ni nini?”

Nikageuka. Uzi umenasa kwenye jembe, umeshuka ngazi, umezunguka nguzo ya umeme, na kule mlangoni kasimama Mama Zuhura na sweta la mkono mmoja na robo. Kumbe Kitindamimba alichomoa sindano afanyie antena ya redio yake ya boksi, na vitanzi visivyo na sindano ni mbuzi wasio na kamba. Waume wengine hufumaniwa na vimada. Mimi nimefumaniwa na jembe.

Uzi uliofumuliwa hujikunja kama tambi. Sharti uviringwe, uoshwe, uanikwe, ndipo unyooke. Wa kuviringiwa ni mimi. Jioni nimekaa kigodani, mikono mbele kama napokea mtoto mchanga, mvua inanguruma juu ya bati, Kitindamimba anatafuta stesheni. Soksi ya pili nimeisamehe.

Simu ikalia. Mabukwe. “Sweta langu limefika wapi?”

Mama Zuhura akanitazama, akautazama ule mkono wa robo.

“Limeshafika barabarani, mama.”

Mabukwe akashukuru sana, akauliza limepanda basi la saa ngapi.