Mgunga Haupandwi kwa Ajili ya Picha

Ukitaka kivuli kufikia Pasaka, nunua mwavuli. Ukitaka mgunga, mwulize mbuzi.

Nauzungumzia ule wa nchi kavu, kuanzia Dodoma hadi Turkana, wenye kilele bapa na miiba ya aina mbili katika tawi moja. Ule mrefu mweupe hukuonya. Ule mfupi, uliopinda kama ndoana, hukukamata shati. Kiangazi maganda yake huanguka, mbuzi wakayala kwa pupa, na mbegu zilizoepuka meno hutoka na samadi, gamba lake likiwa limelainika. Ndiyo maana Turkana miche ya mgunga huota kwa wingi kwenye maboma yaliyohamwa.

Asiye na mbuzi na afanye kazi ya mbuzi. Chagua mbegu zisizotobolewa na wadudu. Chemsha maji, yaepue, subiri kidogo, kisha tumbukiza mbegu na uziache humo hadi kesho yake. Zilizovimba ziko tayari. Ambazo hazijavimba, kwangua gamba kidogo kwa mkasi wa kucha. Tumia viriba virefu, kwa sababu mgunga huanza kushusha mzizi kabla ya kujionyesha juu. Mche uliosahaulika kitaluni mwaka mzima huwa umejikunja mzizi chini ya kiriba, na hapo mapenzi yako ya ghafla hayausaidii.

Panda mvua zikishashika. Kwa Dodoma, yenye msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili, wakati huo si mwezi wa Juni, hata kama ratiba ya mgeni rasmi inasema Juni. Nimeona sherehe za namna hiyo: koleo lina utepe, maji yako kwenye ndoo mpya, kila mtu anapiga makofi. Ukirudi baada ya miezi michache, kibao chenye jina la mheshimiwa kimesimama imara, mti hakuna. Aliyepanda aliondoka na picha, akamwachia mbuzi mche. Hasira zangu zote ziko hapo, maana mche ule ulikuwa na mtu aliyeuotesha kwa jasho. Kwa hiyo zungushia matawi ya miiba siku ileile ya kupanda. Mbuzi aliyekusaidia mbegu hakuahidi kukusaidia majani.

Lakini kama una shamba, huenda huhitaji kiriba hata kimoja. Yale machipukizi yanayokuudhi kila msimu, unayoyafyeka ukisema unasafisha shamba, ndiyo mgunga wenyewe. Kisiki kilichokatwa kina mizizi iliyokwisha kufika chini sana, na kila mwaka kinakuomba ukiache. Wakulima wa Niger walianza kuvisikiliza visiki vyao miaka ya 1980. Mkoani Dodoma, shirika la LEAD Foundation linaifundisha njia hiyo kwa jina la Kisiki Hai. Kazi yake ni ya panga kali na nusu saa. Bakiza machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine uyatoe. Yale uliyobakiza yapogolee matawi ya chini hadi nusu ya urefu, ukikata kwa kupandisha panga ili gome lisichanike. Funga kitambaa cha rangi, mchungaji ajue mti una mwenyewe. Rudia kila yanapochomoza mapya.

Usiulize sana faida ya kuhangaika hivyo. Mizizi ya mgunga, ikishirikiana na bakteria wa udongoni, hurutubisha ardhi. Maganda ni chakula cha mifugo nyasi zikiisha. Na saa saba mchana utajua mwenyewe pa kukaa. Mkaa nao unatoka humo, naam, tena mzuri, ila gunia moja la mkaa hupikiwa na kwisha, na mti haurudi kwa kutamaniwa.

Basi kabla hujachimba shimo jingine, ndugu yangu, lizunguke shamba lako na uhesabu visiki vinavyochipua. Msimu huu usivifyeke.