Heri Babu Mwenye Dhambi

Kabla hujafungua daftari lolote la Uskoti, kata shauri: unatafuta ukoo au unatafuta ufalme? Anayetaka ufalme kazi yake ni nyepesi. Ashuke stesheni ya Waverley mjini Edinburgh, apande hadi mtaa wa Royal Mile, aingie duka la kwanza lenye sketi za tartani, kile kitambaa chao cha miraba, mlangoni na ataje jina la ukoo. Hata kama jina lenyewe ni la fundi viatu aliyekimbia madeni, atatoka na tartani yake, nembo yenye simba na hadithi ya vita. Tartani nyingi za "koo za kale" zilikuja kugawiwa koo zake katika karne ya 19, hasa baada ya Mfalme George IV kuzuru Edinburgh mwaka 1822 na mwandishi Walter Scott kukabidhiwa kazi ya kupamba sherehe. Muuzaji hatakuharibia siku kwa habari hiyo. Kwa nembo, jihadhari kidogo. Sheria ya Uskoti inasema nembo ni mali ya mtu aliyetunukiwa, na kufanana naye jina hakukupi haki yoyote. Ipo mahakama kamili kwa kazi hiyo, Mahakama ya Lord Lyon, na meno inayo. Kikombe cha chai chenye simba hakitakufikisha huko. Ukimchonga simba huyo kwenye geti la nyumba yako ya Inverness, usiseme hukuambiwa.

Mwongozo huu ni wa wachache waliobaki, wanaotaka ukoo. Pengine umeoa Dundee na mwanao ameanza kuuliza maswali. Pengine kuna Campbell kwenye cheti cha bibi yako na hakuna mzee anayetaka kumzungumzia. Kwa damu, kwa ndoa au kwa tetesi, karibu.

Anza na walio hai. Wahoji wazee mmoja mmoja, maana wakiwa pamoja watakupa hadithi moja iliyokwisha pigwa pasi. Andika kila wanachosema, na upigie mstari kila wanachokataa kusema. Ukisikia kwamba babu alipigana kwenye vita vya Culloden mwaka 1746, tabasamu na uandike. Kila familia ya Kiskoti ina babu aliyepigana Culloden. Wangekuwepo wote, uwanja ule ungefurika hadi baharini.

Hatua inayofuata ni kuchagua babu aliyefanya jambo lolote mwaka 1855. Tarehe 1 Januari mwaka huo, serikali iliwapokonya wachungaji kazi ya kusajili vizazi, ndoa na vifo, na ikaianza kwa pupa ya karani mpya aliyepewa mhuri. Cheti cha kuzaliwa cha 1855 kinataja umri wa wazazi, walikozaliwa, siku na mahali walipooana, na watoto wengine waliokwisha wapata, hai na marehemu. Cha kifo kinataja wazazi wa marehemu, watoto wake na alipozikwa. Wasajili wakalemewa, wakalalamika, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya maswali hayo ikafutwa. Tarehe ya ndoa ya wazazi ilirudishwa mwaka 1861. Kwa hiyo babu aliyezaliwa Januari 1855 ni babu mwenye adabu. Aliyezaliwa Desemba 1854 hakuwafikiria vitukuu wake hata kidogo.

Lipo jambo moja ambalo Waskoti wamelirahisisha, na msomaji wa Pwani hatashangaa: mke hakupoteza jina la baba yake. Katika daftari la vifo, na mara nyingi kwenye jiwe la kaburi pia, anatajwa kwa jina alilozaliwa nalo. Wanaosaka mabibi wa Kiingereza hulitamani jambo hili mpaka machozi.

Ukirudi nyuma ya 1855 unaingia kwenye madaftari ya kale ya parokia za Kanisa la Uskoti. Yapo kama 3,500, kutoka parokia zaidi ya 900, na yanatunzwa na National Records of Scotland. Unaweza kwenda mwenyewe Register House, Edinburgh, au kulipia picha moja moja kwenye tovuti yao ya ScotlandsPeople, mpaka mwenye kadi ya benki aanze kukuuliza. Daftari kongwe kuliko yote ni la Errol, Perthshire, lililoanza mwaka 1553. Usishangilie bado: la Errol ni la watu wa Errol. Parokia nyingi za Nyanda za Juu na visiwani zilianza kuandika karne mbili baadaye au zaidi. Na aliyeandika mara nyingi alikuwa mwalimu wa shule, aliyepewa ukarani juu ya kazi yake. Aliandika alipopata nafasi, jina kama alivyolisikia, na panya wakala chakula chao cha usiku humohumo. Maandishi mengine yanasema tu kwamba fulani amebatiziwa mtoto. Mama hatajwi. Mara nyingine hata mtoto hana jina. Shughuli ilikuwa ya baba.

Kisha ikaja tozo. Mwaka 1783 serikali iliyoko London iliamua kila ubatizo, ndoa au maziko yatakayoandikwa yalipiwe peni tatu. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa kilichofuata. Watu waliendelea kuzaliwa, waliacha kuandikwa. Mafukara walisamehewa, hivyo ukimkuta babu yako daftarini katika miaka ile, ama alikuwa na kitu mfukoni, ama alikuwa fukara wa kutambuliwa rasmi. Tozo ilifutwa mwaka 1794. Mazoea ya kutoandikisha hayakufutwa pamoja nayo.

Ndoa nazo zina vituko vyake. Mara nyingi daftari halikuandika arusi. Liliandika kwamba wawili wametangazwa kanisani na kwamba wameweka fedha amana kuonyesha hawatanii. Je, walioana? Karani ameshageuza ukurasa. Tafuta mtoto. Juu ya hayo, sheria ya Uskoti ilitambua ndoa ya kutamkiana tu, bila mchungaji na bila tangazo, hadi mwaka 1940. Ndiyo maana wapenzi wa Kiingereza wenye baba wakali walivuka mpaka kwenda Gretna Green, na ndiyo maana babu yako anaweza kuwa na mke halali ambaye hakuna daftari lililowahi kumsikia.

Kwa vifo, usitarajie mengi. Parokia nyingi hazikujali kuandika nani amekufa. Zilichojali ni kitambaa cha kufunikia jeneza, kilichokuwa mali ya parokia na kikikodishwa kwa kila msiba. Basi mwisho wa babu yako huenda ukausoma kama risiti.

Tukifika kwenye majina, kaa chini. Desturi ilisema hivi: mwana wa kwanza aitwe kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, wa tatu kwa baba mwenyewe. Binti wa kwanza aitwe kwa bibi mzaa mama, wa pili kwa bibi mzaa baba, wa tatu kwa mama. Wamisionari wa Kiskoti waliohamia Kikuyu mwaka 1898 walikuta watu wenye kanuni karibu ileile, isipokuwa kwamba Wakikuyu huanza upande wa baba hata kwa binti. Inapendeza kuisoma. Kuitumia ndiyo balaa. Chukua mzee mmoja John Cowie mwenye wana watano wanaoheshimu desturi: baada ya miaka michache kijiji kina wajukuu watano John Cowie, wa rika moja, wavuvi wote. Katika vijiji vya uvuvi vya kaskazini-mashariki, kama vile vya pembezoni mwa Buckie, hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba majina ya utani yaliingizwa hata kwenye nyaraka rasmi. Kama hujui babu yako walimtania nini, basi hujui ni yupi.

Tena, mtoto akifa, jina lilikuwa bado linadaiwa, kwa hiyo aliyefuata alipewa lilelile. Usimzike babu yako kwa kifo cha kaka yake. Na wasipozaliwa wavulana, babu hakusamehewa deni: ndipo walipopatikana akina Jamesina, Williamina na Hughina, wanawake waliobeba majina ya wazee wenye ndevu maisha yao yote. Upande wa Kigaeli kuna vurugu nyingine. Mwanamke aliyeitwa Oighrig nyumbani kwake ni Effie au Euphemia daftarini. Tormod anakuwa Norman, Gilleasbuig anakuwa Archibald, na hakuna aliyewaomba ruhusa. Tahajia za majina ya ukoo, zichukulie kama maoni ya karani. Hata David Livingstone tunayemjua Ujiji, baba yake aliamua kuikata herufi ya mwisho na kujiandika Livingston. Mwana akairudisha akiwa mtu mzima.

Kwa mwendo huu utaona kwamba mtu mwema hatoshi hata ukurasa. Alibatizwa, mstari mmoja. Alitangazwa kanisani, mstari wa pili. Akafa bila risiti. Ndiyo sababu nakushauri, kwa dhati kabisa, umuombe Mungu babu yako awe alitenda dhambi.

Kila parokia ilikuwa na baraza la wazee wa kanisa, mchungaji akiwa mwenyekiti, na baraza hilo lilikuwa mahakama ya tabia za watu. Ulevi, matusi, kusengenya, kufanya kazi Jumapili, vyote vilisikilizwa. Lakini chakula chake kikuu kilikuwa uasherati. Mwanamke mwenye mimba bila mume aliitwa na kuulizwa baba ni nani. Akikataa, mkunga aliagizwa amuulize tena katikati ya uchungu. Mwanamume akikana, wakaitwa mashahidi: nani aliwaona, wapi, ghala la nani, ilikuwa kabla ya mavuno au baada. Yote yakaandikwa. Waliooana nao hawakupona. Mtoto wa kwanza akiwahi kuja, wazee walihesabu miezi kwa vidole na kuwaita wazazi.

Usidhani ulikuwa umbea mtupu. Baraza hilohilo lilishika mfuko wa maskini wa parokia hadi sheria ya 1845 ilipobadilisha utaratibu, na mtoto asiye na baba angekula kutoka mfuko huo. Faini za wazinzi nazo ziliingia humo, kwa hiyo dhambi ilijilipia gharama zake zenyewe. Aliyekiri alisimama mbele ya waumini kwenye kigoda cha toba, kwa kawaida Jumapili tatu. Mzinzi aliyekuwa na mke au mume alisimama zaidi. Hata mtu aliyehamia tu alitakiwa kuja na barua ya tabia njema kutoka parokia aliyotoka. Kwako barua hiyo ni dhahabu, kwa sababu inakuambia ukamtafute wapi.

Ukitaka kuona mwenye dhambi anavyohifadhika, mtazame Robert Burns, mshairi wao wa taifa. Mwaka 1786, katika parokia ya Mauchline, Ayrshire, Jean Armour alikuwa na mimba yake. Walikuwa wameandikiana karatasi ya ndoa, lakini baba yake Jean hakumtaka mkwe wa aina ile na karatasi ikaharibiwa. Burns akakubali kukemewa na Mchungaji William Auld Jumapili tatu ili apewe cheti cha useja, na akaruhusiwa kusimama kwenye kiti chake badala ya kigoda. Mwezi Septemba wakazaliwa mapacha. Tarehe 5 Agosti 1788 wawili hao walirudi barazani, ndoa yao ikatambuliwa, wakakemewa tena, naye akatoa gini moja kwa maskini. Mwaka mmoja kabla ya purukushani hizo alikuwa amezaa na mtumishi wa nyumbani kwao. Karani wa Mauchline hakumwandika kwa sababu ya mashairi. Angemwandika vivyo hivyo kibarua wa kukamua ng'ombe, na ndivyo alivyofanya. Huyo kibarua ndiye babu yako.

Picha za kumbukumbu nyingi za mabaraza haya zipo kwenye tovuti ileile niliyoitaja, ila hazina faharasa ya majina. Utasoma ukurasa kwa ukurasa dhambi za watu wasiokuhusu, na nakuahidi hutachoka upesi.

Ukikosa bahati, utakuwa na babu mcha Mungu kupita kiasi. Huyu aliona Kanisa la Uskoti limelegea, akajitenga nalo mwaka 1733 pamoja na wachungaji waliojitoa, au alisubiri hadi 1843 na kuondoka na Kanisa Huru, wachungaji zaidi ya 400 walipotoka kwa mpigo. Madaftari ya makanisa hayo yametawanyika, mengine yamepotea, na mengine hayakuwahi kuandikwa. Kwa babu huyu cha kufanya ni kusubiri mjukuu wake akosee.

Hatimaye utatakiwa kuripoti kwa familia. Usilitumie neno uasherati kwenye kundi la WhatsApp lenye shangazi. Sema babu alisimama mbele ya kanisa Jumapili tatu mfululizo na waumini wote wakimtazama. Ni kweli tupu, na shangazi atauliza alihubiri kuhusu nini.